Mji wa Wapagazi: Kumtegemea Mungu Mzigo Unapolemea

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika. Somo kuu: Zaburi 55.



Jina la mahali

Hakuna mtu wa Dar es Salaam asiyelijua jina la Kariakoo, lakini ni wachache wanaokumbuka limetoka wapi. Majeshi ya Uingereza yaliingia mjini humu mwezi Septemba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi wa mizigo ya jeshi. Ndimi za wenyeji zikalainisha matamshi ya kigeni, na kambi ikaitwa Kariakoo. Majirani wa Nairobi nao wana Kariokor yao, yenye asili hiyo hiyo.

Vita ile ilipiganwa mahali ambapo reli zilikuwa chache na barabara hazikuwapo. Farasi na punda walikufa kwa ugonjwa uenezwao na mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, mahema na vyuma vya mizinga vilipita porini juu ya vichwa na mabega ya watu. Wengi wao hawakujitolea. Walichukuliwa kwa nguvu vijijini mwao, na pande zote mbili za vita zilifanya hivyo. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa katika utumishi wa upande wa Uingereza pekee wanakaribia 100,000, na walioangushwa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa ni wengi kuliko walioangushwa na risasi. Walio wengi walizikwa njiani, mbali na makaburi ya baba zao.

Mwaka 1927 ilisimamishwa katikati ya mji Sanamu ya Askari, ambayo hadi leo ipo katika Barabara ya Samora. Aliyechongwa juu yake ni askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini. Hata hivyo mpagazi alipata ukumbusho mwingine ambao hakuna serikali iliyoupangia bajeti: soko zima na mitaa yake huitwa kwa kazi yake. Kila anayetaja Kariakoo hutaja, bila kujua, watu waliolemewa.

Ndiyo maana inafaa kwamba usharika uliokua katika mitaa hii, unapomshukuru Mungu kwa karne moja, utafakari habari ya mzigo. Neno la siku hii ni hili: Mungu hakuahidi kwamba mwamini hatatwikwa. Aliahidi kwamba aliyetwikwa hataachwa peke yake chini ya mzigo wake.

Wapagazi wa leo

Atembeaye leo kati ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo huwaona wapagazi bado. Yuko kijana anayesukuma mkokoteni akipaza sauti ili apishwe njia. Yuko mwenye guta lililojaa marobota ya vitambaa. Yuko mama lishe aliyeamka saa tisa usiku kuwasha moto. Hao mizigo yao huonekana kwa macho.

Lakini ipo mizigo mingine isiyoonekana. Mwenye duka aliyevaa shati safi huenda hajalala, kwa kuwa kodi ya fremu ya miezi sita inadaiwa kwa mara moja. Mama aliyesimama kwenye safu ya kwaya huenda amekopa mkopo ule ambao watu wa mji wameuita kausha damu, akauficha kwa mumewe, na sasa kila simu ikilia moyo wake unashtuka. Yuko mzee ambaye mwanawe amelazwa Muhimbili, na kila asubuhi huulizwa kama fedha ya vipimo imepatikana. Yuko mjane ambaye ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu vyombo vya nyumba. Watu hawa huja ibadani, huimba, hutoa sadaka, na wakiulizwa habari husema ni njema. Imani yao haijafa, ila imechoka. Nao hujiuliza kimya kimya, kama mtu anayemtegemea Mungu angepaswa kuchoka namna hiyo.

Zaburi ya mtu wa mjini

Zaburi ya 55 iliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Zaburi nyingi zinazopendwa zina harufu ya malisho na maji ya utulivu. Hii ina kelele za mji. Katika mstari wa 9 hadi wa 11 mwimbaji anaona ugomvi ukizunguka juu ya kuta mchana na usiku kama walinzi wa zamu. Na katika uwanja wa mji, mahali ambapo watu hukutana kuuza na kununua, udanganyifu umeweka meza yake na hauondoki. Mtu aliyepimiwa kwa mizani mbovu, au aliyelipwa kwa noti bandia jioni ya siku ya mauzo madogo, ataielewa mistari hiyo bila kufafanuliwa.

Kisha linakuja jambo chungu zaidi. Aliyemwumiza mwimbaji si adui. Mstari wa 12 hadi wa 14 unasema ni mwandani wake, mtu waliyeshauriana mambo, wakaenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Mzigo wa kudhulumiwa na mgeni ni mmoja, na mzigo wa kudhulumiwa na mtu aliyeketi benchi moja kanisani ni mwingine. Wako walioweka dhamana ya nyumba kwa ajili ya rafiki, rafiki akahama mji. Biblia haikuona haya kuandika jambo hilo, wala haikumwambia aliyeumizwa anyamaze kwa sababu anaharibu sifa ya kusanyiko.

Hapa pana faraja ya kwanza. Mwimbaji anasema wazi kwamba moyo wake unatetemeka, na kwamba hofu ya mauti imemfunika. Hakuna mahali katika zaburi hii ambapo Mungu anamkemea kwa kusema hivyo. Kulia mbele za Mungu si upungufu wa imani; asiyeamini kwamba Mungu yupo hana wa kumlilia.

Mabawa ya njiwa

Mwimbaji alipolemewa, tamaa yake ya kwanza ilikuwa kukimbia. Katika mstari wa 6 hadi wa 8 anatamani awe na mabawa kama njiwa, aruke mbali, alale jangwani ambako hakuna tufani. Tamaa hiyo inajulikana sana mjini. Mmoja husema angerudi kijijini, kama si aibu ya kurudi mikono mitupu. Mwingine hukimbilia chupa. Mwingine huzima simu siku tatu. Na wapo, wala kanisa lisifiche jambo hili, ambao wamewaza kuyakatiza maisha yao wenyewe. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na asihubiriwe juu ya dhambi kabla hajasikilizwa; apelekwe kwa mchungaji na kwa daktari pia, kwa kuwa Mungu huponya kwa njia zote mbili.

Martin Luther aliijua tamaa ya mabawa. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wake alimtaka Luther naye aondoke. Luther alibaki pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikageuka kuwa mahali pa kulaza wagonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuugua mwezi Julai mwaka huo, tena akiwa katika majaribu makali ya rohoni. Mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Binti yao Elisabeth alizaliwa mwezi Desemba, na mwezi Agosti mwaka 1528 wakamzika.

Katika mwaka huo huo wa 1527 Luther aliandika waraka kujibu swali la wachungaji wa Breslau, kama ni halali kwa Mkristo kuikimbia tauni. Jibu lake lina busara ya mchungaji. Hakusema kwamba kila anayekimbia ametenda dhambi. Kuuhifadhi uhai ni jambo alilolipanda Mungu mwenyewe ndani ya mwanadamu, na dawa ni zawadi yake. Lakini alisema kwamba asiondoke mtu ambaye jirani yake angeachwa bila wa kumwangalia. Kwa hiyo swali halikuwa juu ya ushujaa. Swali lilikuwa: nani atabaki na mgonjwa?

Hilo ni funzo kwa kila aliyelemewa. Kupumzika si dhambi. Kufunga duka siku moja na kwenda kukaa na ndugu si kukosa imani. Bwana Yesu mwenyewe aliondoka mara nyingi katika makutano akaenda mahali pasipo watu. Lakini njiwa wa zaburi hakuruka. Zaburi inapofika mwisho, mwimbaji yuko mjini bado, kati ya kelele zile zile. Kilichobadilika ni mahali alipouweka mzigo wake.

Neno lililofundishwa njiani

Mstari wa 22 ndio moyo wa zaburi hii. Lakini neno la Kiebrania lililotafsiriwa mzigo katika mstari huo halipatikani mahali pengine popote katika Agano la Kale, na walimu wa Kiyahudi wa zamani walikuwa wamefika mahali wasijue maana yake sawasawa. Talmudi inasimulia jinsi walivyoipata. Mwalimu mmoja, Rabba bar bar Hana, alikuwa akisafiri pamoja na mfanyabiashara Mwarabu, naye mwalimu amebeba mzigo. Yule mfanyabiashara akamwambia autwae mzigo wake autupe juu ya ngamia zake. Na katika kumwambia hivyo alilitumia neno lile lile. Hivyo wasomi walifunzwa maana ya Maandiko na mtu wa biashara, njiani, kwa tendo la huruma.

Watu wa Kariakoo wana haki ya kulipenda simulizi hilo. Linaonyesha pia maana ya kumtwika Mungu. Mwalimu yule hakuambiwa kwamba mzigo wake haupo, wala kwamba ni mwepesi, wala kwamba mtu mwenye elimu hapaswi kuuhisi. Alionyeshwa mgongo mwingine wenye nguvu zaidi, uliokuwa unakwenda njia ile ile.

Kiswahili nacho kina hekima yake hapa. Biblia ya Kiswahili imetumia kitenzi cha wapagazi, kutwika, na ahadi inayofuata imeelezwa kwa kitenzi kutegemeza. Neno hilo ni ndugu wa kutegemea. Anayemtegemea Mungu ndiye anayetegemezwa naye, kama ukuta uliochoka unavyoegemezwa mhimili usianguke. Tena msomaji aangalie kwa makini ni nini kinachotegemezwa. Ahadi si kwamba Mungu atauondoa mzigo papo hapo. Ahadi ni kwamba Mungu atamshika mtu mwenyewe. Mzigo waweza kubaki, deni laweza kubaki, ugonjwa waweza kubaki kwa muda. Mtu hataangushwa milele.

Hapo ndipo Injili inapotofautiana na biashara inayofanywa kwa jina lake. Katika miji yote ya Afrika Mashariki wametokea wanaouza mafuta, maji na vitambaa, wakiahidi kwamba anayelipa atatuliwa mzigo wake kabla ya Jumapili ijayo. Mzigo usipotoka, mnunuzi huambiwa imani yake ni ndogo. Hivyo aliyekuja na mzigo mmoja huondoka na miwili, ule aliokuja nao na wa kujilaumu. Kanisa la Matengenezo lilizaliwa katika kupinga uuzaji wa neema. Lisinyamaze leo.

Mnara wa Siloamu

Hata hivyo swali gumu halijajibiwa. Vipi kuhusu wale ambao mzigo uliwaangukia kweli?

Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013 ilikuwa Ijumaa Kuu. Waumini walipokuwa wakijiandaa kwenda kusikia habari za msalaba, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya mji, liliporomoka, na watu 36 wakafa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, jengo lile maarufu lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye mapaa mfano wa miavuli. Mitaji ya miaka mingi ikawa majivu kabla ya alfajiri. Na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka hapa hapa Kariakoo saa za biashara. Zaidi ya watu 80 waliokolewa. Zaidi ya 20 hawakutoka wazima.

Bila shaka wako walioomba chini ya kifusi wakaokolewa, na wako walioomba wakafa. Mhubiri anayeeleza upesi kwa nini huyu alitoka na yule hakutoka, anasema asilolijua. Bwana Yesu aliletewa swali la namna hii. Katika Luka 13:4 anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka Yerusalemu ukawaua watu kumi na wanane, naye akakataa katakata wazo kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa mji. Kisha akawageukia walio hai akawaita watubu. Kwa hiyo baada ya jengo kuanguka, maneno ya kanisa yana mipaka. Lisiwahukumu waliokufa. Na walio hai watubu, pamoja na anayejenga, anayekagua, na anayechimba chini ya nguzo za jengo ili apate chumba kimoja zaidi cha kupangisha, kwa kuwa si kila maafa yapasa kuitwa mapenzi ya Mungu. Mengine ni kazi ya mikono ya watu.

Lakini zaidi ya hayo, mwamini hutazama msalabani. Siku ya Ijumaa Kuu Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kwa zaburi ya mtu aliyeachwa, na hakushushwa msalabani. Aliutwika moyo wake kwa Baba, na Baba hakuuondoa msalaba. Alimwinua siku ya tatu. Hiyo ndiyo maana kamili ya kutegemezwa. Mungu wa Wakristo hasimami juu ya kifusi akiuliza nani aliye chini. Yeye mwenyewe amekwisha kuwa chini.

Simoni wa Kirene

Katika njia ile ya msalaba yupo mtu mmoja ambaye Kariakoo inapaswa kumjua kwa jina. Marko 15:21 inaeleza kwamba askari walimshurutisha mpita njia mmoja, Simoni wa Kirene, aliyekuwa akitoka shamba, auchukue msalaba wa Yesu. Kirene ilikuwa katika nchi iitwayo leo Libya. Mtu kutoka Afrika, aliyekuwa akipita katika shughuli zake, alikamatwa na jeshi la dola kubwa akatwikwa mzigo usio wake. Wapagazi wa mwaka 1916 wangemtambua mara moja kuwa mwenzao.

Marko anaongeza kwamba Simoni alikuwa baba yao Iskanda na Rufo, na kwa kuwataja hivyo anaonyesha kwamba wanawe walijulikana katika kanisa la mwanzo. Aliyeshurutishwa barabarani aliacha watoto waliojulikana miongoni mwa waumini. Lakini la kustaajabisha zaidi ni hili: Mwana wa Mungu, abebaye dhambi ya ulimwengu, alikubali kusaidiwa mzigo. Ikiwa Kristo hakuona aibu kubebewa msalaba, mwamini asione aibu kusema, nimechoka, nisaidie.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali ambalo watu wengi huuliza: Mungu huupokeaje mzigo anaotwikwa? Mara nyingi huupokea kwa mikono ya mtu mwingine. Kila aliyewahi kubeba gunia kichwani anajua kwamba mchukuzi hajitwiki mwenyewe. Hutwikwa na mwenzake. Wala hawezi kulitua peke yake bila kuumia shingo; huhitaji mtu wa kumtua. Na katika Kiswahili, kutua kumezaa kutulia, na kutulia kukazaa utulivu. Anayeutafuta utulivu aanze kwa kutafuta wa kumtua.

Novemba 2024 jambo hilo lilionekana. Kabla mitambo mikubwa haijafika, vijana wa sokoni walichakura kifusi kwa nyundo na kwa mikono mitupu. Walionaswa chini walizungumza na waokoaji, wakapitishiwa maji na hewa katika matundu. Wanaosema kwamba Mungu hakuwapo mahali pale wanapaswa kueleza mikono ile ilitoka wapi.

Wahenga walionya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na mtazamaji daima huona gunia la mwenzake kuwa limejaa usufi. Paulo aliandika dawa ya kosa hilo katika Wagalatia 6. Katika mstari wa 2 anawataka waumini wachukuliane mizigo, na katika mstari wa 5 anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wengine hudhani anajipinga. Lakini Kigiriki kina maneno mawili tofauti: la kwanza ni uzito unaomshinda mtu, la pili ni mzigo wa kawaida wa msafiri. Kila mtu aamke, afanye kazi yake, alipe ada ya watoto wake. Lakini uzito unaovunja mgongo si wa mmoja. Ni wa usharika.

Karne ya kutwikana na kutuana

Historia ya kanisa katika mji huu ni ushahidi wa jambo hilo. Wamisionari wa Kijerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na kanisa lililo mbele ya bandari, Azania Front, lilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Lakini vita vilipokwisha, hadi kufikia mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini, na hawakuanza kurejea hadi katikati ya miaka ya 1920. Sharika zikabaki kama watoto yatima. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini kwa mara nyingine, na Walutheri wa Marekani wa kanisa la Augustana wakaja kusaidia kazi iliyoachwa.

Katika vipindi hivyo viwili mzigo wa kufundisha, kuzika, kuwatembelea wagonjwa na kukusanya watoto ulikuwa juu ya vichwa vya walimu na wazee Waafrika. Wengi wao hawakuwa na mshahara wa kuaminika wala cheo. Hawakuchongewa sanamu. Lakini kanisa lililodhaniwa litakufa halikufa, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, Uzaramo na Uluguru likiwamo, yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wazee wale hawakuwa na uhakika wa kesho. Walimtwika Mungu mzigo, kisha wakainama wakambebea Mungu kazi yake.

Mambo matatu ya kwenda nayo

Ili maadhimisho haya yasiishie katika kula na kupiga picha, ni vema kila msharika aondoke na mambo matatu.

La kwanza, mzigo utajwe kwa jina lake mbele za Mungu, kila siku. Mwimbaji wa zaburi katika mstari wa 17 aliomba jioni, asubuhi na adhuhuri. Mwenye duka anayo nafasi hiyo: kabla ya kufungua kufuli, wakati wa chakula cha mchana, na baada ya kuhesabu mauzo. Sala haihitaji kuwa ndefu. Deni litajwe kiasi chake, ugonjwa utajwe, aliyedhulumu atajwe. Mungu hashangazwi na tarakimu.

La pili, mzigo wa kesho usibebwe leo. Bwana Yesu alifundisha hivyo katika Mathayo 6:34. Mpagazi hubeba gunia moja kwa safari moja. Anayejaribu kubeba magunia ya juma zima kwa siku moja hafiki popote.

La tatu, kila mmoja atafute mtu wa kumtua, na kila mmoja awe mtu wa kumtua mwingine. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba isiwe mahali pa kusoma somo na kugawana vipeperushi tu. Iwe mahali ambapo mama mwenye mkopo uliofichwa anaweza kusema bila kuchekwa wala kusemwa sokoni kesho yake. Kikundi cha akina mama, vikoba vinavyoendeshwa kwa uaminifu, mfuko wa diakonia, ziara ya mzee wa kanisa kwa mgonjwa, na kukaa kimya pamoja na waliofiwa: hizo ndizo ngamia za Mungu katika njia hii. Na kama msharika ana fremu anayopangisha, aanzie hapo. Mpangaji wake naye ana mgongo.

Miaka mia moja imepita, na mitaa ya Kariakoo bado imejaa watu wenye mizigo. Watakuja wengine watakaoadhimisha miaka mia mbili, na huenda majengo haya yote yatakuwa yamebadilika. Wakiuliza ni nini kilichowashika waliotangulia, wajibiwe kwamba hawakuwa na nguvu kuliko wengine. Walimjua wa kumtwika, na walitwikana na kutuana wenyewe kwa wenyewe.

Mungu aliyemwinua Yesu Kristo kutoka kaburini awategemeze wote waliolemewa siku hii ya leo, awape utulivu ambao mji hauwezi kuutoa wala kuuondoa, na awafikishe wazima mwisho wa safari, mahali ambapo kila mchukuzi atatua. Amina.